Kugawana kazi na fundi: kisa cha mtambo wa maji moto wa sola, Dar es Salaam

Hali ilivyokuwa

Nyumba ipo pembezoni mwa Dar, upande wa barabara ya Bagamoyo, ni nyumba ya chini, vyumba vinne na mabafu mawili, imeezekwa bati la msauzi, na nyuma ya jiko kuna mnara wa zege wenye simtanki ya lita 2000. Majina nimetoa, mtaa nimetoa, na vitu viwili vitatu nimevigeuza kidogo ili mtu asitambulike. Kwenye kisa hiki kuna mwenye nyumba, fundi bomba, na mama mzazi wa mwenye nyumba. Mimi nimeingia kwenye hii stori siku walipogombana, wote wawili wananifahamu kwahiyo nikaombwa nisikilize, nikasoma meseji zao, nikasikiliza voisi, nikapanda na juu ya bati kuangalia.

Najua kuna mtu keshauliza, Dar na joto hili maji moto ya nini? Sasa wewe kaa na mama wa miaka sabini na kitu aliyetoka Njombe, mgongo unamsumbua, amezoea maji ya moto toka utotoni, afu mwambie Juni saa kumi na moja alfajiri aoge maji yaliyolala kwenye tangi usiku kucha. Utanipa jibu.

Walikuwa wanatumia ile shawa ya umeme inayochemsha hapo hapo. Hesabu yake ni nyepesi tu, shawa ya kilowati 5 ukiiwasha dakika 12 imekula unit moja nzima, na kwa mtu aliye tarifu ya T1, ile ya kawaida ya majumbani, elfu kumi inampa kama unit 28 hivi, nyumba ina watu sita, wanaoga asubuhi na jioni. LUKU ilikuwa inakimbia mpaka mwenye nyumba akaanza kuwagongea watu mlango wa bafu, na ukishafika hatua ya kugongea watu mlango bafuni ujue sola umeshainunua kichwani bado hela tu.

Akanunua mtambo wa lita 200 wa mirija ya kioo, ule usio na presha. Hii aina inafanya kazi kwa mvuto, maji ya baridi yanaingia kupitia katangi kadogo ka boya kanakokaa juu ya mtambo, mirija inapokea jua, maji ya moto yanapanda yenyewe kwenye tangi kubwa kwa sababu ni mepesi kuliko ya baridi, afu yanashuka bafuni kwa uzito wake. Hakuna pampu. Ndani kuna hita ndogo ya umeme ya kilowati 1.5 kwa ajili ya siku za mawingu, masika huwezi kulitegemea jua peke yake.

Walivyogawana

Fundi alitaja ufundi wa laki nne na nusu kwa kazi yote. Mwenye nyumba si mtu wa kukaa tu, ana drili yake, grainda yake, kashawahi kujijengea banda la kuku na kubadilisha masinki mwenyewe, kwahiyo akasema fundi, kazi ya kutindua ukuta na kulaza mabomba niachie mimi, wewe njoo kwenye mambo ya juu ya bati na kuunganisha. Fundi akafikiria akashusha mpaka laki mbili na nusu. Wakakubaliana kwa mdomo pale pale kibarazani, na vingine vikaenda kwa voisi za WhatsApp.

Ukikusanya yote waliyoambiana inakuwa hivi. Mwenye nyumba atapasua chaneli ukutani, atanunua PPR, zile bomba za plastiki zinazoungwa kwa kuchomelewa, atakodi mashine ya kuchomelea, atalaza laini ya moto kutoka darini mpaka mabafu yote mawili na jikoni. Fundi atapandisha mtambo, ataufunga kwenye kenchi, ataunganisha juu na chini, atapima presha, atawasha. Na fundi kwenye voisi moja, nimeisikia kwa masikio yangu, anasema "bosi, ukimaliza kulaza usifunike, nione kwanza."

Kuna kitu hakuna aliyekitaja. Umeme wa ile hita. Fundi alichukulia kwamba mwenye nyumba ataita fundi umeme, maana yeye ni wa mabomba na hashiki waya za watu, mwenye nyumba akachukulia kwamba hita imo ndani ya mtambo na mtambo ni wa fundi, basi nayo ni ya fundi. Hawakudanganyana, hakuna aliyeuliza tu.

Mambo yalivyokwenda

Mwanzo ulikuwa mzuri. Fundi alikuja kupima kabla hata mtambo haujatoka dukani, akasimama uani, akaangalia mnara afu akaangalia paa la nyumba kubwa, akasema pale juu haiwezekani. Mwenye nyumba alitaka mtambo ukae kwenye paa kubwa maana ndo unaonekana vizuri kutoka barabarani, sema ukiuweka pale kale katangi ka boya kanakuwa juu kuliko kitako cha simtanki, na maji hayapandi mlima. Kulikuwa na njia tatu, kunyanyua mnara, kufunga pampu, au kuhamia paa la jiko ambalo liko chini zaidi. Wakachagua paa la jiko. Bahati nzuri mteremko wake unatazama kaskazini, na Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta kwahiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linapita upande huo. Maji lita 200 peke yake ni kilo 200, weka na fremu na tangi lenyewe, kwahiyo fundi akaingia darini akatafuta kenchi zilizokaa juu ya ukuta, akaongeza mbao mbili za 2x4 kabla ya kupandisha chochote. Hii sehemu sina la kuongeza, ilifanywa inavyotakiwa.

Mwenye nyumba naye akaanza kupasua. Chaneli zake zilinyooka kuliko za mafundi wengi ninaowajua, amepima, amechora na chaki, na kila ukuta kaupiga picha na futi ikiwa imewekwa pembeni. Mabomba alifuata Kariakoo, akachukua PPR yenye mstari mwekundu ya PN20, yani ya kuhimili presha kubwa, hakudanganyika na PVC ya bei rahisi ambayo maji ya mtambo kama huu yakiifikia inalegea na kupinda. Kwahiyo vifaa vilikuwa sahihi.

Kimbembe kikawa kwenye kuchomelea. Mashine inatakiwa ifike nyuzi 260, bomba la milimita 20 linakaa kwenye moto sekunde 5, la 25 sekunde 7, unatoa, unasukuma moja kwa moja bila kuzungusha, unatulia mpaka lishike. Yeye aliona sekunde 5 ni chache mno, akawa anaacha mpaka plastiki ilegee kabisa "ili ishike vizuri", afu anasukuma kwa nguvu. Bomba likishalegea hivyo ile plastiki ya ziada inakimbilia ndani inatengeneza kola, tundu linabaki dogo. Kwenye nyumba yenye pampu usingejua. Kwenye maji ya mvuto, tangi likiwa mita mbili na kitu tu juu ya shawa, yani presha ya bar 0.2 hivi (bar ni kipimo cha presha, moja ni kama maji ya kimo cha mita kumi), kila kola unaiona kwenye shawa.

Na maungio mawili ya bafu la mama aliyachomea bomba likiwa na maji. Alikuwa ameungia kwenye koki ya zamani ambayo haifungi vizuri, tone tone linakuja, akawa anafuta na kitambaa anachomea haraka kabla tone lingine halijafika. PPR ikiwa na unyevu, maji yanageuka mvuke pale pale ndani ya kiungo, yanaacha vijishimo. Kwa nje kinaonekana kizima kabisa.

Akamaliza, akampigia fundi aje aone. Fundi akasema kesho. Kesho akasema yuko saiti Kigamboni, kesho kutwa. Huku fundi tailizi alikuwa ameshapangwa wikiendi ile na baada ya hapo anasafiri mwezi mzima. Mwenye nyumba akasubiri, akasubiri, siku ya tatu akaona huyu haji, akafungulia maji, akaangalia nusu saa hakuna tone, akaruhusu plasta na tailizi ziende.

Fundi alipokuja akakuta ukuta unang'aa. Kwa maelezo yake mwenyewe aliguna tu, akapanda juu kufunga mtambo, akaunganisha, afu kabla ya kuruhusu maji ya mtambo akafunga pampu yake ya mkono kwenye laini akapandisha mpaka bar 6. Mwenye nyumba akauliza, mzee, bar sita za nini wakati maji yetu ni ya mvuto? Fundi akamwambia tukae nusu saa. Hazikufika dakika kumi mshale umeshuka chini ya 4.

Hapo ndo kelele zikaanza na mimi nikapigiwa simu.

Wakati wanabishana bafuni, kijana wa saidia fundi huko juu alikuwa ameshachomeka mirija yote na tangi tupu, saa saba mchana, jua la Dar. Mwenye nyumba akataka basi angalau waone kama tangi linajaa. Fundi akakataa katakata, mirija ikishapigwa na jua bila maji ndani inakuwa ya moto vibaya mno, ukiiingizia maji ya baridi kioo kinapasuka. Wakafunika na turubai, wakajaza usiku.

Maamuzi, na kwa nini

Kwanza ilibidi kujua panapovuja bila kubomoa nyumba nzima. Fundi akakata laini darini akapima tawi moja moja, jikoni shwari, bafu la nje shwari, bafu la mama ndo lenyewe. Zile picha za mwenye nyumba zikafanya kazi hapa, kwa kuangalia futi kwenye picha walijua kiungo kipo sentimita ngapi kutoka sakafuni, wakavunja tailizi mbili tu. Bila picha wangevunja ukuta mzima kwa kubahatisha.

Pili, nani analipa. Mwenye nyumba anasema fundi hakuja siku aliyoahidi. Fundi anasema nilikwambia usifunike. Wote wana haki, na mimi niliwaambia hivyo. Tukakubaliana mwenye nyumba atanunua tailizi na kumlipa fundi tailizi mwingine, fundi bomba atachomea upya bafu lote la mama bila kuongezwa hata mia. Sababu ni kwamba fundi bado alikuwa anatakiwa kuisimamia kazi hiyo miaka inayokuja, na hakuna fundi anayesimamia kiungo ambacho hakukichomea wala hakukiona.

Tatu, umeme. Hii sikuitwa kwa ajili yake, niliikuta. Mwenye nyumba alikuwa ameshavuta waya wa nyuzi mbili kutoka kwenye laini ya taa za darini mpaka kwenye hita, kaweka na swichi nzuri kabisa. Nilipomuuliza akasema nimepiga hesabu, wati 1500 gawanya kwa volti 230 ni kama ampia 6.5, waya unabeba. Na kweli, waya ungebeba. Sema hita imezama kwenye maji yaleyale mama yake anayojimwagia, na waya wa nyuzi mbili hauna ethi, ule uzi wa tatu wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Siku hita ikitoboka, umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini na njia iliyopo ni mtu aliyelowa. Alikuwa ameangalia kama waya utaungua, wakati swali la hita ya maji ni umeme ukivuja utaenda wapi na nani ataukata.

Tukaita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Akavuta laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita 2.5 wenye ethi, na breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Afu akapima ethi ya nyumba akakuta haifanyi kazi. Tukazunguka nje, waya wa ethi ulikatwa siku za nyuma wakati wa kuweka pevingi, umelala pembeni ya nondo yake hivi hivi. Yani nyumba nzima ilikuwa inaishi bila ethi, friji, pasi, ile shawa ya umeme ya mwanzo, kila kitu, na hakuna aliyejua.

Matokeo

Maji yanatoka ya moto, jioni ya siku ya jua yanaunguza kweli, kwahiyo kwenye laini ya bafu la mama wakaongeza valvu ya kuchanganya ili yasifike ya kumbabua. Kwenye bafu la nje kulikuwa na tabu nyingine, maji ya baridi yanatoka moja kwa moja kwenye mnara na yana nguvu kuliko ya moto, ukifungua mikisa, ile koki ya kuchanganya, ukaiweka katikati, ya baridi yanayasukuma ya moto yarudi juu. Fundi akaweka valvu ya kuzuia maji kurudi na akabana koki ya baridi kidogo. Haijakaa sawa asilimia mia ila inaogeka.

LUKU imetulia. Masika wanawasha hita kidogo jioni kisha wanazima, kuchemsha lita 200 zote kutoka nyuzi 27 mpaka 55 ni kama unit 6 na nusu kwahiyo hawaiachi iwake ovyo.

Hela sasa. Aliokoa laki mbili kwenye ufundi. Akatoa elfu sitini kukodi mashine siku tatu, elfu thelathini na tano za elbo na tii alizoharibu, boksi la tailizi elfu thelathini na nane, fundi tailizi elfu arobaini. Imebaki elfu ishirini na saba, na tailizi mpya zimepishana rangi kidogo na za zamani. Fundi umeme simuhesabu, huyo alitakiwa toka mwanzo.

Na mama? Mama haogi shawa. Anakinga maji kwenye ndoo chini, anachanganya mwenyewe, anaoga na kopo lake amekaa kwenye kigoda kwa sababu ya mgongo. Kiungo kilichovunjiwa tailizi ni cha kupeleka maji kwenye shawa ambayo hajawahi kuigusa. Hakuna aliyemuuliza.

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki wanasema si unaona, kazi ya fundi muachie fundi. Mimi sikubaliani. Kutindua ukuta, kununua vifaa, kupiga picha na kupima, hizo mwenye nyumba alizifanya vizuri na zingine kuliko fundi. Na fundi kwenye kuchagua paa, kuimarisha kenchi, kukataa kujaza mirija mchana, alikuwa fundi kweli. Kila mtu kwenye kazi yake alikuwa sawa isipokuwa kuchomelea, na hata kule kuchomelea kungefundishika kwa dakika kumi kama fundi angechoma viungo viwili mbele yake siku ya kwanza, wakakata kimoja katikati akaona kola kwa macho.

Palipoharibika ni kwenye makabidhiano. Viungo vya mwenye nyumba vilipita kwenda kufunikwa na tailizi bila kupimwa. Umeme ulikuwa katikati ya watu wawili, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Walipogawana kazi waligawana kwa majina ya kazi, wewe mabomba mimi mtambo, hawakugawana kwa majukumu, kwamba kiungo hiki kikivuja Desemba napigiwa mimi au unapigiwa wewe. Ungeuliza hilo swali pale kibarazani, suala la hita lingetokea lenyewe.

"Nione kwanza" ya fundi nayo ilikuwa na kasoro. Haikuwa na siku wala haikuwa na pampu. Kuona kwa macho kusingesaidia, vile viungo vilikuwa vinapendeza. Alitakiwa aseme nitakuja Alhamisi na pampu, nisipokuja mpigie fulani akupimie, na sehemu hiyo ailipishe hela yake, maana kuja saiti kupima kazi ya mtu mwingine ni kazi, na fundi akishashusha bei ile safari ndo ya kwanza kuahirishwa. Nadhani hata hiyo laki mbili aliyoshusha ilikuwa nyingi. Angeshusha laki moja na nusu, ile elfu hamsini ikawa ya kupima kabla ya plasta, kesi yote isingekuwepo. Na mwenye nyumba naye kuangalia kama tone linaanguka kwa nusu saa kwa maji ya mvuto si kipimo, kijishimo kidogo kwenye presha ndogo kinaweza kulowesha ukuta polepole mpaka rangi ianze kubabuka miezi kadhaa mbele.

Kuhusu umeme msimamo wangu hauna nusu nusu, hii sehemu haigawanywi hata mwenye nyumba awe na mkono mzuri kiasi gani. Maungio ya bomba ukikosea unalipa tailizi, umeme ukikosea unalipa uhai wa mtu.

Kuna jambo moja bado linaning'inia. Ndani ya tangi la mtambo kuna fimbo ya magnesiamu ambayo kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya tangi. Nyumba hii inatumia maji ya DAWASA, yakikatika wanajaza ya kisima, na kisima chao kina chumvi ya kuonja kwa ulimi, kwahiyo fimbo itaisha mapema na chumvi itahamia kwenye chuma. Inatakiwa ifunguliwe iangaliwe walau mara moja kwa mwaka. Niliwauliza wote wawili ni ya nani. Mwenye nyumba kasema ni ya fundi, fundi kasema akiitwa atakuja, na mpaka naandika hapa hajaitwa.